Kondo Lililozikwa Ukwala

Kisugu, Kampala
Alhamisi, 5 Machi 1998

Mama Ondiek,

Salamu kutoka kwetu. Dada yangu Nabwire alijifungua mtoto wa kiume juzi Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Mama ni mzima na mtoto ni mzima. Nakuandikia mimi kwa sababu Nabwire bado hawezi kukaa sawasawa, na mwanao Ondiek akishika kalamu huandika mistari miwili akachoka.

Mkebe anaokuletea Wanjala katika lori lake ndio ule uliouagiza. Ndani mna kondo la nyuma la mjukuu wako, limetiwa chumvi na kufungwa kwa majani ya mgomba, likazikwe nyumbani kwa baba yake kama mlivyokubaliana na Ondiek. Sitaficha kwamba jambo hili naliona la ajabu. Hospitalini kwetu makondo huteketezwa, na sijaona mtoto aliyepotea njia ya kwao kwa sababu hiyo. Lakini Ondiek alinisihi siku tatu mfululizo kabla mtoto hajazaliwa, nikaona nikupe nyama yako nipate amani.

Nasikia huko Ukwala mnaniita muuza makondo. Siuzi. Nina cheti cha kidato cha nne, na tangu mwaka juzi Daktari Obwona amenipa kazi ya kupima kila kondo linalotoka wodini: uzito, upana, unene, na mahali kitovu kiliposhikia. Kisha nampima na mtoto. Kwa kuwa mambo haya hukuyasoma, nikueleze kwa kifupi. Mtoto aliye tumboni kila anachopata, chakula na hewa, hupitia kwenye kondo. Kondo likiwa dogo, au likiwa na sehemu zilizokufa, anapata kidogo, na mwili wake hujifunza kuishi kwa kidogo. Hupunguza kwenye ini, kwenye figo, kwenye kongosho, ili ubongo usikose. Mtoto anazaliwa mdogo. Halafu watu wazima wasiojua kitu wanamshindilia vyakula anenepe upesi, na mwili uliojifunza uchache unaelemewa. Miaka thelathini au arobaini baadaye tunamkuta na ugonjwa wa sukari au presha. Wataalamu wa ng'ambo wanasema hivyo, na daktari anataka kujua kama ndivyo na hapa.

Mjukuu wako ana kilo mbili na gramu hamsini. Miezi yake tisa ilitimia. Ni mdogo lakini ananyonya vizuri. Kwa hiyo usimtumie Nabwire unga wa uji, wala samli, wala mizizi yoyote ya kunenepesha. Tuachie sisi.

Ondiek anasema jina lazima litoke kwako, na bila jina hilo mtoto si wa nyumba yenu. Mpe Wanjala jina hilo akirudi.

Nakhisa


Ukwala
Jumatano, 11 Machi 1998

Nakhisa,

Mkebe ulifika Jumamosi. Wanjala anasema pale mpakani Busia askari alitaka kuufungua, akaambiwa kilichomo, akaenda kunawa mikono ingawa hakugusa kitu. Huyo ana adabu kuliko wewe.

Barua sikuisoma siku hiyo. Kondo halilali nje, nililishughulikia kwanza. Nilikosha chumvi, ambayo uliimwaga kama mtu anayekausha samaki wa kuuza. Nikalitandaza juu ya jani na kuliangalia kama ninavyoangalia yote, kisha nikalizika chini ya mgomba nyuma ya nyumba yangu, nikamwagia maji, nikaenda kupika. Barua niliisoma Jumapili baada ya kanisa.

Sasa nisikilize. Sina cheti cha kidato cha nne. Nina mikono miwili, na kwa miaka thelathini na minane imepokea watoto mia nne na kumi na mmoja, wa kwanza nikiwa mfagizi katika wodi ya misheni, waliobaki nikiwa mkunga hapa nyumbani. Kila kondo nililipitisha mikononi kabla halijazikwa, kwa sababu kipande kikibaki ndani mama anakufa. Hilo ulilonitumia lilijaza viganja vyangu vyote viwili likamwagika pembeni. Nyama yake ilikuwa nyekundu yote, laini, haina doa jeupe wala kokoto. Kitovu kinene kama kidole gumba. Kondo la namna hiyo hulea mtoto wa kilo tatu na nusu au nne. Wewe unaniandikia kilo mbili, na miezi imetimia.

Kondo hilo na mtoto huyo hawakutoka tumbo moja.

Sijui mmefanya nini huko. Labda hospitali yenu imechanganya watoto. Labda dada yako amempata mtoto mahali pengine, na ule ujauzito tuliokuwa tukisimuliwa ulikuwa nguo. Najua moja tu, kwamba sitampa jina la ukoo mtoto ambaye kondo lake linamkana. Ondiek nimemwandikia vivyo hivyo.

Phelister, mama yake Ondiek


Kisugu, Kampala
Jumatatu, 16 Machi 1998

Mama Ondiek,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliwasomea wenzangu wa wodini wakati wa chai, tukacheka mpaka sista akaja kuuliza kuna nini.

Viganja. Vya upana gani, na vilipimwa lini? Mimi natumia mizani inayoonyesha hata gramu tano, na kila asubuhi naijaribu kwa jiwe la kilo moja kabla ya kuanza kazi. Wewe unatazama nyama iliyosafiri siku tatu ndani ya chumvi, katika joto, chini ya kiti cha lori, halafu unatoa hukumu ya watoto kubadilishwa. Chumvi huvuta maji. Kondo lilivimba njiani. Mwanafunzi wa darasa la sita angeweza kukueleza.

Kuhusu ujauzito kuwa nguo: mimi mwenyewe nilimshika Nabwire mguu wa kushoto mtoto alipokuwa akitoka. Sina la kuongeza.

Ijumaa mwanao alikuja na barua yako mkononi. Hakumtazama mtoto. Alibeba godoro na redio akahamia gereji anakofanya kazi, Kisenyi. Mke wake mwenye mshono sasa analala juu ya mkeka wangu. Nimemtumia Ondiek ujumbe kupitia fundi mwenzake, nikimuuliza kama redio nayo ilikuwa na wasiwasi kuhusu baba yake.

Nabwire hali vizuri na maziwa yamepungua. Mtoto hana jina, pale wodini ameandikwa "mtoto wa Nabwire", na majirani wameanza kuuliza. Nataka ufute maneno yako kwa maandishi, na jina lije pamoja na barua hiyo.

Nakhisa


Kisenyi
19/3/98

Shemeji Nakhisa,

Ujumbe nimepata. Mama hajawahi kukosea kwa kondo. Mtoto akipata jina nitarudi na godoro.

Ondiek


Ukwala
Jumanne, 24 Machi 1998

Nakhisa,

Umenichekea kwenye chai. Vizuri, chai tupu inachosha.

Kuhusu chumvi: nimekausha samaki na nyama tangu kabla mama yako hajaolewa. Chumvi hutoa maji. Kitu hupungua na kukakamaa, hakivimbi. Kwa hiyo kondo lile, siku ulipofunga mkebe, lilikuwa kubwa kuliko nilivyoliona. Mtu mwenye mizani nzuri kama yako angelijua hilo. Nadhani ulilijua, ukaona kizee hiki kitameza chochote.

Na yale mengine ya barua yako ya kwanza, kuhusu kondo dogo na mwili unaojifunza uchache, sibishani nayo. Nashangaa tu kwamba mlihitaji mizani. Alal, binti wa karani wa posta, nilimpokea mwaka wangu wa kwanza. Kondo lake lilikaa katika kiganja kimoja na nafasi ikabaki, lina madoa meupe magumu kama punje za mahindi. Mtoto mwenyewe alikuwa kama kuku aliyenyonyolewa. Mama yake aliona aibu. Alimshindilia maziwa ya ng'ombe, karanga za kusaga, uji wenye samli, na alipofikisha mwaka watu walikuwa wakisimama njiani kumtazama jinsi alivyonona. Akiwa na miaka thelathini alikuwa mwanamke mpana kuliko wote sokoni. Kisha kiu ikaanza, na kwenda haja kila mara, na kidonda kisichopona. Mwaka juzi tulimzika ana miaka thelathini na sita, mguu mmoja ulikuwa umetangulia.

Mdogo wake alikuja na kondo dogo vilevile. Wakati huo mama alikuwa amechoka na maziwa hayakuwapo, akamnyonyesha tu, akamwacha akue kwa mwendo wake. Ni mwembamba na analima mpaka leo. Naweza kukutajia wengine kumi na saba. Niliwahi kumwambia mganga wa misheni, naye alicheka kama wewe, ila yeye alikuwa akinywa kahawa.

Ndiyo maana nakataa. Usifikiri ni ushamba. Mtoto mdogo hutoka na kondo dogo, na unalijua hilo kwa kitabu kama ninavyolijua kwa mikono. Mtoto wa dada yako ni mdogo. Kondo lake liko wapi? Na hili lililo katika udongo wangu ni la nani?

Ukinijibu hayo tutazungumza kuhusu jina. Kabla ya hapo usinipotezee stempu.

Phelister


Kisugu, Kampala
Jumatatu, 6 Aprili 1998

Mama,

Nilikaa na barua yako siku tisa bila kujibu. Nilikuwa nimeamua kutojibu kabisa.

Juzi Jumamosi nilirudi mapema kutoka kazini nikamkuta Nabwire amempakata mtoto, na pembeni kuna chupa ya maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa sukari. Nyuma ya ndoo nikakuta pakiti mbili za glukosi na bakuli la matoke yaliyopondwa. Mtoto ana mwezi mmoja. Tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma, na alikuwa ameharisha mara nne tangu asubuhi. Nilimpima. Kilo tatu na gramu mia tatu. Alikuwa akimlisha hivyo kwa wiki tatu, nikiwa kazini kuwapima watoto wa watu.

Nikamtukana. Nikamweleza yote niliyokueleza wewe tarehe 5, kwa sauti ya juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nataka afanane na kondo lake. Akifika kilo nne mama atamtambua."



Ninayoyaandika sasa Nabwire ameshayajua, nilimwambia jioni ileile. Hajanisemesha tangu hapo. Nitanakili shajara yangu ya tarehe 3 Machi kama ilivyo, ili usiseme nimepamba.

"Saa 3.20 N. amejifungua, mvulana, gramu 2050. Kondo gramu 290, madoa meupe kama theluthi moja, kitovu kimeshikia ukingoni kabisa. Mama hana homa, hana presha, miezi imetimia. Katika makondo 640 sijaona kama hili. Dk. Obwona alisema likipatikana la namna hii lisikatwe wala lisitoke. Nimelitia kwenye dawa, chupa namba 641. Saa 3.45 kitanda cha pili, Perpétue, Mkongo, mvulana, gramu 3700, kondo gramu 680. Halina mwenyewe wa kulidai. Nimelitia kwenye mkebe wa Ukwala. Udongo hauna macho."

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Wala si kwa haraka au kwa kuchanganya ndoo. Nilisimama mbele ya ndoo mbili nikachagua. Nilijiambia kwamba la dada yangu lingefundisha watu, na kwako lingeoza tu, nawe usingejua tofauti. Daktari alidhani tumekubaliana kama familia. Leo asubuhi nimemwambia, na nimemwonyesha barua yako kuhusu Alal. Alinikaripia kwa robo saa. Kisha akaisoma ile barua tena amesimama, akaniuliza kama hao kumi na saba unawakumbuka kwa majina.

Nabwire hakufanya lolote. Mtoto ni wa Ondiek, na ni mdogo kwa sababu kondo lake lilikuwa dogo, kama ulivyosema. Mpe jina. Adhabu yoyote iwe yangu.

Nakhisa


Ukwala
Jumanne, 14 Aprili 1998

Nakhisa,

Umeniita Mama kwa mara ya kwanza, baada ya kuniibia. Nimeona.

Kwanza mtoto. Maziwa ya ng'ombe, glukosi na matoke viondoke nyumbani humo leo hii. Nyonyo tu, usiku na mchana, kila anapotaka. Nabwire ale, alale, asibebe maji. Mtoto akipungua kidogo wiki ya kwanza asiogope. Mwambie hayo yametoka kwangu, maana yakitoka kwako hatayasikia, na sitamlaumu.

Sasa wewe. Ulidhani umeudanganya udongo. Udongo haukusema kitu, niliyesema ni mimi, na ulinichekea. Kondo la dada yako uliliona ni mali, ukalifungia chupani. Mimi nililipotaka uliliona ni uchafu. Kumbe tulikuwa tukitaka kitu kimoja, tofauti ni kwamba mimi niliomba. Umewaibia wanawake wawili asubuhi moja, mmoja wao umezaliwa naye tumbo moja, halafu ukaandika kwa mwandiko mzuri. Nimewahi kuwaona wezi wa kuku wakifanya kazi yao kwa haya kuliko wewe.

Chupa yenu siitaki. Kitu kilichokaa katika dawa mwezi mzima ardhi haitakijua. Daktari aendelee kukitazama, na akione vizuri.

Shida yangu ni nyingine. Kwetu mtu akitaka kujua kwenu ni wapi, anauliza kondo lako limezikwa wapi. Watu wamefikishana mahakamani kwa swali hilo. Sasa nyuma ya nyumba yangu, chini ya mgomba wangu, nimemzika mtoto wa mwanamke nisiyemjua. Ana kwao hapa wala hajui. Mama yake hajui. Siwezi kutoka mlangoni nikamwita mjukuu wangu kwa jina la ukoo wakati yule wa pili yuko hatua kumi, ameingizwa kama kitu cha magendo.

Mtafute huyo Perpétue. Usimtume mtu, nenda kwa miguu yako umwambie kwa mdomo wako. Akimaliza kusema lake, niandikie alivyosema, na usilinyooshe. Mpaka hapo jina halitoki, na Ondiek ataendelea kukumbatia godoro lake gerejini.

Kumi na saba nawakumbuka kwa majina. Mia nne na kumi na mmoja wote nawakumbuka kwa majina.

Phelister


Kisugu, Kampala
Jumatatu, 27 Aprili 1998

Mama,

Nimempata.

Katika kitabu cha wodi ameandikwa "Kisenyi" tu, bila nyumba wala jirani. Nilikwenda jioni tano baada ya kazi. Kwenye gereji walinielekeza kwenye maduka ya Wasomali, Wasomali wakanielekeza kwenye ghala ambamo Wakongo husali, na huko wazee wa kanisa walinihoji kama afisa uhamiaji kabla ya kunitajia alipo. Katika gereji moja nilipita mbele ya Ondiek. Alijifanya anatafuta kitu chini ya gari. Gari lenyewe halikuwa na injini.

Perpétue anashona katika soko la Owino, kwenye safu ya mafundi wanaopunguza suruali za mitumba. Ni msichana wa miaka ishirini hivi. Mtoto alikuwa mgongoni, anaitwa Guerschom, mashavu yamemjaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa mpangilio, tarehe na saa. Alisimamisha cherehani kwa mguu akaniangalia. Nikaogopa kwamba atapiga kelele, kwa hiyo nikaanza kumtuliza. Nikamwambia hakuna madhara yoyote kwa mtoto, kwamba mtoto akishatoka kazi ya kondo imekwisha, kwamba ni nyama tu.

Akasema, "Kama njo nyama tu, juu ya nini uliiba?"

Mafundi wa kushoto na kulia walicheka. Mmoja aliniuliza kama nimekuja kuchukua na mtoto mwenyewe sasa.

Perpétue akaniuliza limezikwa wapi. Nikasema Ukwala, upande wa Kenya. Akauliza nani alichimba. Nikasema mkunga mzee, kwa mikono yake, nyuma ya nyumba yake. Akauliza kama maji yalimwagwa. Nikasema yalimwagwa, umeniandikia mwenyewe. Akarudi kwenye cherehani akashona mguu mzima wa suruali bila kuinua kichwa. Nami nilibaki nimesimama hapo, wateja wakinisukuma.

Halafu akasema haya, nayaandika alivyoyasema: "Bukavu nyumba ilichomwa. Mi sina tena fasi ya kurudia. Huyu, nilikuwa najiuliza, akiwa mkubwa akiniuliza kwetu ni wapi, nitamuonyesha fasi gani. Umuambie ule mama, niko nakuja kupaona. Na mtoto utanibebea weye, njia yote."

Sikunyoosha kitu.

Mwana wa Nabwire hajaharisha tena. Wiki ya kwanza alipungua gramu mia moja na hamsini, kama ulivyosema atapungua. Sasa anaongezeka gramu ishirini kwa siku. Mimi nisingemlisha tofauti. Nabwire hunipa mtoto nimpime, kisha humchukua.

Tunangoja neno lako.

Nakhisa


Ukwala
Jumatatu, 4 Mei 1998

Nakhisa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliwasomea kina mama wa kanisa. Nilipofika kwenye neno la Perpétue hawakucheka, na mmoja akasema msichana huyo aletwe haraka. Msichana huyo ana akili. Ungemuuliza yeye kabla ya kushika mkebe, tusingepoteza karatasi zote hizi.

Njooni Jumamosi tarehe 16. Wanjala atawapakia alfajiri, nimeshasema naye. Perpétue nitamwonyesha mgomba kwanza, kabla hajaketi, na majirani watakuwapo kuona ili baada ya miaka ishirini asitokee mtu wa kumuuliza kijana wake anatafuta nini hapa. Jina analo tayari, sitamwongezea. Nitamtembeza mpakani mwa shamba tu.

Mdogo ataitwa Sewe, jina la baba wa mume wangu, mtu aliyekuwa mwembamba maisha yake yote na akazika wanene wengi. Ondiek nimemwambia arudi Kisugu leo, atandike godoro mwenyewe, na amwombe Nabwire msamaha akiwa amepiga magoti. Wewe hakuombi kitu.

Sewe hatashindiliwa. Nitawatangazia nyumba nzima siku hiyohiyo, kwa sababu nawajua: wataona mkono mwembamba, na kila shangazi atakuja na kibuyu chake. Atanyonya miezi sita. Baadaye atakula tunachokula, kiasi chake, na atatembea kwenda shule kwa miguu. Akifika utu uzima apimwe sukari kila mwaka hata kama anajiona simba. Mimi sitakuwapo. Nabwire atakuwapo, nimemwandikia peke yake na ameelewa upesi kuliko ulivyoelewa wewe na mizani yako.

Daktari Obwona anaweza kuja mwezi wa sita mvua ikipungua. Wale walio hai nitamtembeza kwao, wakikubali apime. Asije na chupa.

Nabwire ameniuliza kama ni lazima wewe nawe uje. Nimemjibu kwamba ni lazima. Utambeba Guerschom kama ulivyoambiwa, kutoka Owino mpaka mlangoni kwangu, nami nitakuwa nimesimama kuangalia kama umemkabidhi mtu njiani.

Vitanda ni viwili. Kimoja cha Nabwire na Sewe, kingine cha Perpétue na mwanawe. Wewe utalala jikoni.

Phelister, bibi yao wote wawili